Kwa nini Mwanamisi aliacha kuimba: mimi ni mume wa Mama Mkeka, someni ukweli wake

Assalaam alaykum wakuu. Na wale wenye salamu nyingine, nawasalimu kwa hiyo yenu, tuko pamoja.

Mimi ni mtu mzima. Humu jukwaani nimezoea kusoma tu. Aliyenifungulia akaunti ni mpwa wangu, naye alinionya: "Mjomba, soma upendavyo, lakini usijibizane na watu wa mitandao. Watakupandisha presha." Nimemtii mpaka leo.

Leo nimeshindwa, kwa sababu ya ule uzi unaouliza Mwanamisi wa Kwale amepotelea wapi.

Nimesoma majibu yote. Mmoja kasema alitupiwa jini na wenzake wa mahotelini. Mwingine kasema aliolewa na Mzungu akafungiwa ndani. Mwingine kasema ni unga. Mwingine kasema ni kiburi, alipopanda ndege akasahau kwao.

Hakuna hata mmoja aliyepatia, na nawasamehe, kwa sababu hamkuwa na wa kuwaambia.

Katika elimu niliyosomea tulifundishwa kwamba kila habari ina mpokezi wake. Kwa hiyo nitakachosema nimekiona, nimekiona. Nitakachosema nimeambiwa, nitamtaja aliyeniambia. Na Mwanamisi mwenyewe nimemwomba idhini. Akanijibu, "Andika, baba. Uongo umeshakuwa mwingi kuliko nyimbo zangu."

Najua pia wapo watakaouliza, maalim na muziki wapi na wapi. Hilo waachieni wanazuoni wangu na mimi. Leo sikuja kutoa fatwa. Nimekuja kusema habari ya mke wangu.

Tuendelee.

Kwetu ni ukitoka Msambweni kuelekea Ramisi, unaacha lami unaingia ndani kidogo. Nilisomesha madrasa hapo maisha yangu yote, nikalima mihogo na korosho. Mke wangu, Bi. Riziki, alikuwa msusi wa mikeka. Si kwa kujisifia, lakini mkeka wake wa ukindu ulikuwa ukitandikwa kwa bibi harusi kuanzia Ramisi mpaka Tiwi. Alitia rangi mwenyewe, zambarau na kijani na ile nyekundu ya damu ya mzee, na shupatu zake, vile vipande virefu vinavyoshonwa pamoja, huwezi kuona zilipoungana.

Mwenyezi Mungu hakutujaalia mtoto. Watu waliniambia nioe mke wa pili, na sheria inaniruhusu. Sikuoa. Nilikuwa na mke mmoja, nikashukuru naye, nashukuru mpaka leo.

Jirani yetu alikuwa Bi. Mwanatumu, Mungu amrehemu. Huyu ndiye mama mzazi wa Mwanamisi. Wale wa pwani mtakuwa mnajua vugo: harusini wanawake wanasimama safu mbili wanapiga pembe za ng'ombe kwa vijiti na kuimba. Bi. Mwanatumu ndiye aliyekuwa akiongoza. Alikuwa na sauti, na alikuwa na ulimi. Akikuimba wewe, utajua umeimbwa, na kijiji kizima kitajua, ingawa jina lako halikutajwa.

Mwanamisi alipoanza kutembea tu alihamia kwetu. Sijui niseme vipi. Mama yake alikuwa mtu wa shughuli, leo harusi hapa, kesho harusi kule, na mke wangu yupo kibarazani anasuka siku nzima. Mtoto anakaa pale, anachezea mabaki ya ukindu, analala juu ya mkeka ambao haujakwisha. Alimwita "Mama Mkeka". Jioni mama yake akimwita anajificha nyuma ya mlango.

Na alikojoa jamani. Nalisema kwa sababu hapo ndipo kilipo kisa chote. Hakuna mkeka wa nyumba ile ambao hakuukojolea. Mke wangu anafua, anaanika, mtoto anacheka.

Sauti yake aliipata hapo. Kasida alizisikia kwangu madrasa. Mapigo aliyapata kwa mama yake. Na kule kuimba kwa kunong'ona kama mtu anayejisemea, ambako kulikuja kuandikwa na wazungu magazetini, alikupata kwa Bi. Riziki akisuka.

Sasa sikilizeni fitina ilivyoingia. Hii niliambiwa na mke wangu.

Kulikuwa na harusi, wanawake wako jikoni wanamenya vitunguu. Mtoto yuko hapo anawasumbua. Mmoja akamuuliza, "We nawe mtoto wa nani, unatuchezea vitunguu vyetu?"

Mtoto akajibu, "Wa Mama Mkeka."

"Haa! Mwanatumu, umesikia? Mimba ulibeba ya bure, shoga!"

"Ungalimpelekea Riziki na hicho kitovu kabisa!"

Jiko zima likacheka. Bi. Mwanatumu naye alicheka. Lakini mke wangu aliniambia usiku ule ule wa harusi, "Mume wangu, Mwanatumu leo kacheka kwa meno tu."

Harusi iliyofuata, wanawake wakasimama safu zao. Bi. Riziki yumo safuni na pembe yake mkononi. Bi. Mwanatumu akaanza wimbo mpya:

*Ana mikeka nyumbani, mikeka ya kila rangi,*
*Wa kuikojolea nani? Ni mipya miaka mingi.*

Wimbo ulikuwa mzuri, hapo ndipo penye balaa. Wanawake wakaudaka mara moja, pembe zikalia, na wengine walikwisha kuuitikia kabla hawajafahamu anayepigwa ni nani.

Mke wangu alimaliza duru, akaweka pembe chini, akajifunga leso vizuri, akarudi nyumbani. Mimi nilimkuta anachambua ukindu. Hakulia. Akanihadithia kama anayehadithia habari ya mtu mwingine.

Kwa desturi yetu, ukiimbwa unajibu harusi inayofuata. Wenzake walimjia hapo barazani, nikiwa ndani nawasikia.

"Bi. Riziki, tumeshakutungia. Ni kusimama tu."

"Hii tuliyotunga, Mwanatumu atahama mji!"

Akawaambia, "Ahsanteni. Nikimjibu, mtoto atasikia."

Basi. Hakujibu. Mtoto akakatazwa kuja kwetu, na haukupita muda akapelekwa Waa kwa shangazi yake kusoma.

Wanawake wale wawili hawakusemezana muda mrefu. Tunachota maji kisima kimoja, tunazikana, tunaombeana dua, lakini wao wakipishana kila mtu anatazama upande wake.

Kisha ikafika Ramadhani moja. Mnajua kwetu kabla ya mwezi kuandama watu huendeana kuombana radhi, mtu asiingie kwenye funga na mzigo wa mwenzake. Magharibi ile Bi. Mwanatumu alikuja mlangoni kwetu. Niliona kwa macho yangu. Hakubisha hodi, alikaa tu kizingitini na leso kichwani, mtu mwenye ulimi ule, akakosa neno.

Mke wangu akatoka, akamtazama, akasema, "Utakaa hapo mpaka Idi? Ingia tule."

Walikula sinia moja. Bi. Mwanatumu akasema, "Riziki, wimbo ule nimeuzika." Na kweli, aliwakusanya wanawake wote wa vugo akawaambia: wimbo wa mikeka umezikwa, atakayeufukua si mwenzetu. Tangu hapo haukusikika tena kijijini. Walikuwa marafiki mpaka Mungu alipomchukua Bi. Mwanatumu, na aliyemwosha ni mke wangu.

Lakini Mwanamisi alikuwa Waa. Wimbo aliusikia, suluhu hakuisikia. Na hakuna mtu mzima anayemweka mtoto kitako akamwambia, unaujua wimbo ule? Mama yako alimtukana nao Mama Mkeka. Tulistahi. Tukaona wimbo umezikwa, basi na habari yake izikwe.

Nivumilieni wakuu, wazee tunazunguka. Sasa naingia kwenye huo muziki mnaoutaka.

Alipomaliza shule alipata kazi ya kuimba kwenye hoteli za Diani. Mnazijua zile nyimbo za kuwakaribisha wageni, jambo bwana na kupiga makofi, jioni hadi jioni. Aliniambia mwenyewe kuwa alikuwa akiimba huku akiwaza dengu za kupika. Akipata mapumziko anakaa nyuma ya jiko la hoteli, anaimba zake za kunong'ona. Hapo ndipo akasikiwa na mgeni mmoja mpiga gitaa.

Kutoka hapo mambo yakaenda. Wakarekodi. Akapelekwa Ulaya. Kule wana rafu yao dukani inaitwa "world music", mpwa wangu alinieleza kuwa huko huwekwa kila kitu ambacho hawakifahamu maneno. Albamu ya kwanza aliandika nyimbo zake zote mwenyewe, kuhusu wakata miwa wa Ramisi, kuhusu wanawake wanaongojea waume walioenda kazi za meli, na kuhusu shangazi yake wa Waa aliyekuwa akihesabu kuku kila Magharibi. Ilipendwa na wachache.

Miaka hiyo mama yake ameshafariki, akija nyumbani anafikia kwetu. Leso, sukari, halua, anamjia Mama Mkeka na kumlalia mapajani, mtu mzima yule.

Albamu ya pili akaweka wimbo wa mikeka.

Lakini hakuuimba kama mama yake. Aliondoa pembe, akaupunguza mwendo. Ule uliokuwa msuto ukawa kilio cha mwanamke anayengojea mtoto. Mimi nilikuja kuona video moja mpwa wangu akanitafsiria. Anawaambia watu: "Wimbo huu ni wa mama yangu wa pili, anayesuka mikeka. Nilikua juu ya mikeka yake." Alidhani ni wimbo wa Bi. Riziki mwenyewe! Kwa kuwa ulikuwa wa mikeka, akili yake ya utoto ikampa mwenye mikeka.

Wazungu wakalia. Wimbo ukaenda dunia nzima. Akaalikwa kila tamasha, na kila tamasha wanamngojea aimbe huo.

Na wimbo ukarudi nyumbani.

Wakuu, sijui kama mtaweza kulipata jambo hili kama hamkukulia huku kwetu. Redioni, kwenye tuktuk za Ukunda, kwenye simu za watu, wimbo wa Bi. Mwanatumu uliozikwa unaimbwa, tena na bintiye. Wanawake wazee walishika vichwa. Wasiwasi wao ulikuwa mmoja tu: Riziki asisikie.

Basi kijiji kizima kikaanza kumsitiri. Bila mkutano, bila kuambizana. Muuza duka anamwona mke wangu anakuja, "Zima, zima, Bi. Riziki huyo." Kinyozi anazima. Mwenye tuktuk anazima. Harusini kulikuwa na DJ mmoja kutoka bara, akauweka wimbo, wanawake wakamrukia kama nyuki.

"We kijana, toa hiyo! Toa!"

"Aah, kwani ni nini, mathe? Hii si ngoma ya kwenu?"

"Ndiyo maana tunakwambia utoe, mwanaharamu we!"

Mke wangu alikuwa amekaa palepale, amepewa kiti cha mbele. DJ akaweka kitu kingine. Watu wakaanza kumsemesha kwa fujo, habari za binamu, habari za mvua, akaletewa sahani tatu za pilau kwa mara moja.

Naye haulizi. Anakula pilau yake.

Mimi nilidhani kama walivyodhani wote. Nilimshukuru Mungu kwa majirani wema.

Kisha Mwanamisi akaja kuimba Diani, uwanja wa hoteli moja, alasiri. Kijiji kikakodi basi. Mke wangu alivaa leso mpya asubuhi na mapema, akakaa barazani tayari. Akaja Bi. Mwajuma, aliyekuwa mpiga pembe wa Bi. Mwanatumu.

"Bi. Riziki, ee, lakini basi limejaa, ndugu yangu. Hata mimi nitasimama."

"Limejaa?"

"Limejaa pomoni."

"Haya. Mnisalimie."

Basi lilipita mbele ya nyumba yetu na viti vitupu viwili. Niliviona, na yeye aliviona. Akaingia ndani, akaikunja leso.

Yaliyotokea Diani ninayo kutoka kwa Bi. Mwajuma. Anasema Mwanamisi aliimba vizuri mno, watu wa kwao wakampigia vigelegele. Alipouanza wimbo wa mikeka, wanawake wote wa kijijini, kama walioambiwa, walivuta leso zao wakafunika nyuso na kuinama.

Alikuwa stejini anawaona. Aliumaliza. Kisha akamtafuta Bi. Mwajuma nyuma ya jukwaa.

"Shikamoo mama. Nimekosa nini?"

"Marahaba. Hukukosa kitu, mwanangu. Ila wimbo huu si wa kuimbwa, mama yako aliuzika."

"Kwa nini auzike?"

Bi. Mwajuma akageuka aende zake. Mwanamisi akamshika mkono. "Mama, aliimbiwa nani?"

"Aliimbiwa Riziki."

Anasema mtoto alikaa juu ya lile sanduku la spika, na fundi wa mitambo anamwambia inuka nataka kufungua nyaya, na hasikii.

Siku ya pili yake tulimngojea kwa chakula cha mchana, ndivyo alivyokuwa ameahidi. Mke wangu alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Lilikuja gari lenye dereva peke yake, na mfuko wa leso na halua.

"Amepata dharura, mama. Amesema mumsamehe."

Mke wangu akaupokea mfuko. "Mwambie nimepokea."

Mwanamisi aliona haya kuukabili uso wa mtu ambaye yeye alikwenda kumtukana mbele ya dunia nzima. Ndivyo alivyojiona. Akarudi Ulaya, na wimbo ule hakuuimba tena.

Yaliyofuata aliniambia mwenyewe. Wenye matamasha wakamwambia, bila mikeka hatuna cha kuwatangazia watu. Akawaambia koo linamuuma. Wakangoja, kisha wakachoka. Waliomrekodi nao wakachoka. Hakumweleza yeyote sababu, maana kuieleza ilikuwa ni kumtaja Mama Mkeka na utasa wake mbele ya wageni, na hilo aliona ni kumtukana mara ya pili. Akaimba kwenye mikahawa midogo, kisha hata huko akaacha.

Akapata kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Kuwalisha, kuwageuza, kuwaogesha.

Ndiyo jibu lenu wakuu. Si jini, si unga, si Mzungu.

Ingelikuwa imeishia hapa nisingeliandika. Ningelisema ni heshima, na heshima ina gharama yake.

Lakini siku moja, mimi na mke wangu tumekaa tunakunywa chai kwa mahamri, akaniuliza, "Mbona mtoto haimbi tena?"

Bi. Mwajuma alikuwa ameshanihadithia ya Diani, mengine nikayaunganisha mwenyewe, nikaona ni wakati wa kumpa zawadi. Nikamwambia, "Aliacha kwa heshima yako. Aliambiwa asili ya ule wimbo, akaapa hatauimba tena."

Akaweka kikombe chini.

"Kwa heshima yangu? Nani alimwambia mimi sitaki auimbe?"

Nami nikaweka kikombe changu.

"Watu wanazima," akasema. "Kila nikifika mahali wanazima. Nasikia sauti ya mwanangu mwanzo tu, *ana mikeka nyumbani*, nikisogea, kimya. Nikafikiri, kumbe mimi siruhusiwi kumsikia. Sikumzaa, basi hata kumsikia ni haki ya wenye watoto."

"Walikuwa wanakusitiri, Riziki."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nawasitiri wao, nisiwaulize." Kisha akasema kitu ambacho sitakisahau. "Mwanatumu alisema uongo, na alijua ni uongo. Ndiyo maana alikuja kukaa mlangoni. Mikeka yangu ilikuwa na wa kuikojolea. Nani aliyeifua?"

Nikamwambia nitamwekea wimbo kwenye simu, sasa hivi, mwanzo mpaka mwisho.

Akakataa. "Nimeungojea kwenye vyombo vya watu miaka yote. Sasa nitamngojea mwenyewe."

Mpwa wangu akatutafutia namba. Nikamwandikia Mwanamisi kuwa mama yake hana kinyongo, anamtaka aje, anamtaka aimbe. Alijibu hivi, ninayo mpaka leo:

"Baba, niombeeni radhi kwa mama. Najua amesema amesamehe. Sisi watu wa pwani husema tumesamehe hata kisu kikiwa bado mgongoni."

Wakuu, ningemjibu nini? Ni kweli husema.

Mke wangu akatoa ukindu. Macho yalikuwa yameshamchoka, na vidole, lakini akasuka mkeka mdogo wa mtoto mchanga, zambarau na kijani. Ulichukua muda mrefu, na kwa mara ya kwanza niliona katika mkeka wake mahali ambapo shupatu zimeungana. Tukampa mtu wa Tiwi aliyekuwa akirudi kazini kwake huko huko Ulaya.

Ulipofika, simu ikalia. Nikaweka sauti ya juu.

Tunamsikia anapumua tu. Mke wangu akasema, "Umeupata?"

"Nimeupata, mama."

"Basi huo usiukojolee. Umeshakuwa mkubwa."

Yule mtoto alicheka na kulia kwa pamoja, hatukujua kipi ni kipi.

Akaja. Lakini kuomba ruhusa ya kazi na kupata nauli kulichukua muda, na alipofika mke wangu alikuwa hainuki tena kitandani. Moyo ulikuwa umechoka. Mwanamisi akamtunza. Nilishangaa alivyomgeuza bila kumuumiza, alivyomlisha uji. Akaniambia, "Baba, nimewaogesha mama za watu miaka yote hii. Wangu alikuwa huku."

Kila siku Bi. Riziki anamwambia, "Niimbie basi."

"Koo halijakaa sawa, mama. Kesho."

"Haya, kesho."

Ni kweli koo lilikuwa limeota kutu. Lakini zaidi ya koo, maneno yale yalikuwa yakimkwama. Nilimsikia akijaribu nyuma ya nyumba, anafika kwenye *wa kuikojolea nani* anakata. Anaanza upya, anakata.

Mke wangu alifariki asubuhi moja baada ya kunywa chai. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hakuusikia.

Kwetu maiti haiwekwi, huzikwa siku hiyo hiyo. Wanawake wakaja mara moja, pazia likafungwa, maji yakachemshwa. Anayeanza kuosha ni aliye karibu zaidi na marehemu, na kwa mwanamke mara nyingi ni bintiye. Mimi mumewe sheria inaniruhusu, lakini niliwaachia wanawake. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa pazia.

Mwoshaji wetu ni mwanamke mgeni kidogo, ameolewa hapa kutoka Vanga. Nikamsikia anauliza kama anavyouliza kila msiba, kwa sababu ndiyo kazi yake: "Mtoto wa marehemu ni nani hapa?"

Wanawake wakanyamaza. Nilijua kimya kile. Kilikuwa ni kile kile cha dukani na kwa kinyozi. Walikuwa wanamsitiri Riziki hata akiwa maiti, mtu asitamke kwamba hakuwa na mtoto.

Kisha nikasikia sauti, ya kunong'ona, ya mtu anayejisemea.

"Mimi. Mimi ni mtoto wa Mama Mkeka."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nikasikia wanampisha, na leso zinasuguana. Kisha nikasikia maji.

Hiyo ndiyo habari, wakuu.

Mwanamisi hajarudi Ulaya. Yuko hapa nyumbani, ananiita baba, anajifunza kusuka na mikeka yake imepinda kama njia ya Ramisi. Watu wa muziki wamepiga simu. Hajawajibu. Sijui kama ataimba tena, na simuulizi kwa kumshurutisha. Lakini namuuliza. Hilo nimejifunza nikiwa nimechelewa: kusitiriana ni jambo jema, dini imelisisitiza, ila unayemsitiri ana mdomo. Mwulize. Sisi tulimpenda Riziki kwa kumzimia redio, naye katika mapenzi yetu yote hakuwahi kuusikia wimbo mmoja mpaka mwisho.

Namshukuru Mungu kwa alichotupa. Alitupa mtoto, sisi tukawa tunatafuta neno jingine la kumwita.

Nakaribisha maoni yenu, hata ya kunilaumu, nitayasoma kwa subira. Waliowahi kumficha mtu jambo kwa kumhurumia, nipeni habari zenu, iliishaje?

Na nina ombi moja. Wimbo wa mikeka bado unapigwa huku na huku. Mkiusikia, dukani, garini, popote, na mkamwona mzee anakuja, tafadhali msizime.